Rejeta ya shaba au ya alumini: jibu kwa mwenye pikapu ya Kaloleni

Msomaji mmoja wa Bamburi ameuliza hivi: "Nina pikapu ya dizeli ya miaka ya 1990. Napakia saruji mjini napeleka Kaloleni, nikirudi nabeba nazi hadi soko la Kongowea. Rejeta iliyokuja na gari ni ya shaba na sasa imechoka. Nikipanda Mazeras na mzigo, mshale wa joto hupanda mpaka nalazimika kusimama. Fundi wangu wa Majengo aliitoa thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto la maji, ikawa afadhali kidogo mjini, lakini mlimani mambo ni yale yale. Sasa anataka tubadilishe kiini cha rejeta kwa shaba mpya, kwa sababu shaba ndiyo inayopoza. Muuzaji wa vipuri anasema shaba imepitwa na wakati, nichukue ya alumini yenye matangi ya plastiki. Mwengine ana ya alumini tupu, nene, ya mistari mitatu ya mirija, anasema hiyo ndiyo kiboko. Maji natia ya kisima cha nyumbani, yana chumvi kidogo. Nimfuate nani?"

Ndugu yangu, nianze na fundi wako, kwa sababu alichokwambia ni kweli ukikitazama peke yake. Shaba nyekundu hupitisha joto vizuri kuliko karibu kila metali inayouzwa madukani: wati 400 hivi kwa mita, kwa kila nyuzi 1 ya tofauti ya joto. Alumini safi hufika 235 hivi, na ile inayotengenezewa rejeta, ambayo imechanganywa na metali nyengine ili iwe imara, huwa chini ya hapo. Kwa hiyo mtu akikuwekea vipande viwili mezani, kimoja cha shaba na kimoja cha alumini, vya unene sawa na ukubwa sawa, shaba inashinda, na wala haishindi kwa kidogo.

Lakini hakuna anayekuuzia kipande cha shaba. Unauziwa rejeta, na ndani ya rejeta joto lina safari ya hatua kadhaa, na metali ni hatua moja tu, tena fupi kuliko zote. Karibu thuluthi moja ya nguvu iliyomo kwenye dizeli unayochoma huishia kwenye maji ya injini, na ni lazima itolewe nje ama sivyo silinda hedi itapinda. Joto hilo hutoka kwenye maji, likaingia ukuta wa mrija, likapita kwenye pezi, yaani kile kibati chembamba kilichoshikana na mrija, kisha likachukuliwa na hewa. Ukuta wa mrija una unene wa sehemu ya milimita: kwenye alumini huwa robo au theluthi ya milimita, kwenye shaba hupungua zaidi. Joto hupita hapo bila kuhisi kizuizi chochote. Ukijumlisha ugumu wote wa safari, kutoka kwenye maji hadi hewani, ukuta huo hauchukui hata asilimia 1.

Ugumu wenyewe uko kwa hewa. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa kwa kupanda nyuzi zile zile. Hewa ni mchukuzi dhaifu mno, na dawa yake ni mbili tu: ipewe eneo kubwa la kugusa, na ipite kwa wingi. Chai ukiimimina kwenye kisahani hupoa haraka, na haijalishi kisahani ni cha bati au cha udongo, kilichobadilika ni eneo linaloguswa na hewa. Wenye kutengeneza magari walilijua hili zamani. Wilhelm Maybach alipounda rejeta ya masega kwa ajili ya gari la Mercedes la nguvu za farasi 35, lililotoka mwaka 1901, aliunganisha mirija midogo 8,070 ya upana wa milimita 6, hewa ikipita ndani yake na maji yakizunguka nje. Maji yaliyohitajika yakashuka kutoka lita 18 hadi 9. Hakugundua metali mpya. Aliongeza eneo, akaweka na feni nyuma yake.

Hapa naomba uvumilie hesabu ndogo, kwa sababu ndiyo inayomaliza ubishi wa fundi na muuzaji. Mapezi ndiyo mahali ambapo aina ya metali ingeweza kuleta tofauti, kwa kuwa joto hulazimika kusafiri kutoka kwenye mrija hadi katikati ya pezi kabla hewa haijalichukua. Pezi la shaba kwa kawaida huwa jembamba mno, karibu milimita 0.045, kwa sababu shaba ni nzito na ghali: sentimita moja ya ujazo ina gramu 8.9, ilhali ya alumini ina gramu 2.7. Pezi la alumini hutengenezwa nene mara mbili, karibu milimita 0.09. Nusu ya upitishaji, mara mbili ya unene. Pezi zima la alumini hubeba joto sawasawa na lile la shaba, na bado ni jepesi zaidi. Faida ya shaba ambayo fundi wako anaisifia imeliwa kiwandani kabla rejeta haijafika bandarini.

Tena rejeta tunayoiita ya shaba si shaba nyekundu tupu. Mapezi ndiyo mekundu. Mirija na matangi ni shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na hiyo hupitisha wati 110 hadi 120 tu, chini kuliko alumini. Kisha mapezi yameshikizwa kwenye mirija kwa lehemu ya risasi na bati, ambayo iko chini zaidi. Rejeta ya alumini ya kisasa hupitishwa tanuri lenye joto la karibu nyuzi 600, na kiungo kinachobaki kati ya mrija na pezi ni alumini yenyewe iliyochanganyika na silikoni. Kiungo hicho ni kizuri, na hakilegei kwa miaka kama lehemu.

Sababu nyengine iliyofanya alumini ienee, Ulaya tangu miaka ya 1970 na kwengineko miaka ya 1980, ni upana wa mrija. Mrija wa shaba ya manjano ukiufanya mpana sana huvimba kwa presha na lehemu huachia, ndiyo maana huishia milimita 13 hadi 16, na rejeta ya kazi nzito huhitaji mistari mitatu au minne kwa nyuma. Wa alumini huweza kufika milimita 25 bila taabu. Mistari miwili ya namna hiyo ina ukuta wa kutosha kushindana na minne ya shaba, na katikati kuna nafasi chache zilizopotea bure.

Hapo ndipo namfikia yule wa rejeta nene ya mistari mitatu. Sikushauri. Hewa ikishapita mstari wa kwanza inakuwa imepata moto, ikifika wa pili imepata zaidi, ikifika wa tatu tofauti ya joto iliyobaki kati yake na maji ni ndogo, kwa hiyo mstari huo hufanya kazi kidogo. Wakati huo huo unene wote unaizuia hewa isipite. Kwa gari la mashindano lenye upepo mkali wa mbele, huenda ikafaa. Wewe unapanda na mifuko ya saruji, gia ya pili, mwendo wa taratibu, upepo wa mbele haupo. Unategemea feni peke yake, na feni ikipewa ukuta mnene wa kuvuta hewa huvuta kidogo. Juu ya hayo, rejeta nene husogea karibu na feni mpaka kava linaloizunguka feni halikai, na ukikosa kava la feni umepoteza zaidi ya ulichonunua.

Sasa nije kwa maji. Hili ndilo lililonifanya niandike kirefu, na ningeomba ulisome mara mbili hata kama mengine utayaruka.

Kisiwa cha Mombasa na ukanda wote wa Nyali, Bamburi hadi Mtwapa umekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya kisima yanayopita humo huyeyusha chokaa, na karibu na bahari hupata chumvi juu yake. Kwa kufulia yanakula sabuni, kwa chai hayana ladha, na kwenye rejeta huleta balaa mbili tofauti.

Ya kwanza ni chokaa. Maji ya namna hii yakipata moto huacha utando mweupe mgumu, ule ule unaouona ndani ya birika. Utando huo hupitisha joto kwa kiasi cha wati 2 hivi. Linganisha na 400 za shaba. Maana yake ni kwamba milimita 1 ya utando wa chokaa ndani ya mrija hulizuia joto kama ukuta wa shaba wenye unene wa karibu sentimita 20. Ndugu yangu, mnabishana shaba na alumini kwa sehemu ya milimita, huku maji ya kisima yanajenga ndani ya rejeta kitu kinachozuia joto kuliko metali zote mbili kwa pamoja. Na hayajengi kwenye rejeta tu. Hujenga zaidi pale penye moto mwingi, kwenye kuta za nje za silinda na ndani ya silinda hedi, mahali ambapo rejeta mpya haifiki.

Ya pili ni chumvi. Alumini hujilinda kwa ngozi nyembamba sana ya oksidi, na chumvi ndiyo adui wa ngozi hiyo. Huitoboa mahali padogo, na kuanzia hapo huchimba kwenda ndani badala ya kuenea. Ndiyo maana rejeta ya alumini iliyolishwa maji ya chumvi huonekana nzima, safi, kisha siku moja inamwaga kwa vijitundu vya ukubwa wa sindano. Shaba hustahimili chumvi vizuri zaidi ndani ya mirija, ingawa lehemu yake nayo huliwa na kutoa unga mweupe unaoziba mirija. Kwa hiyo mtu akiniambia atatia maji ya kisima mpaka kufa kwake, nitamwambia achukue shaba, si kwa sababu inapoza zaidi, ila kwa sababu hufa polepole na inatengenezeka. Matangi hufunguliwa, mirija huzibuliwa kwa waya, yakashikizwa tena kwa lehemu. Alumini na plastiki haina uponyaji wa namna hiyo.

Upepo wa bahari nao una sehemu yake, kwa nje. Kwenye rejeta ya shaba hula kile kiungo cha lehemu baina ya pezi na mrija. Pezi huonekana lipo, lakini halijashikana na kitu, na joto haliwezi kuruka pengo. Fanya hivi leo, injini ikiwa baridi: pitisha kidole kwa wepesi kwenye mapezi ya rejeta yako ya zamani, hasa robo ya chini. Yakivunjika na kuwa unga wa kijani, au yakitikisika yenyewe, basi rejeta hiyo imebaki mirija mitupu, na hakuna kuzibua kutakakoirudisha. Rejeta nyingi za alumini hutengenezewa mapezi yenye zinki kidogo ili chumvi iyale mapezi kwanza na mirija isalimike. Ni mpango mzuri, ila maana yake ni kwamba mapezi yatachakaa, kwa hivyo yasuuze kwa maji baridi ya bomba, kwa mkondo mlegevu, kutoka upande wa injini kwenda nje. Wale vijana wa kuosha magari wenye mashine ya presha wasiisogelee. Hulaza mapezi kwa dakika moja, na pezi lililolala halipitishi hewa.

Maji sahihi basi ni yapi? Yaliyosafishwa kwa kutoneshwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri. Soma chupa vizuri, maana pembeni yake huuzwa asidi ya betri, na hiyo si maji. Uyachanganye na kulanti inayofaa injini yako. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora kuliko ya kisima, na hata ya bomba yatokayo Mzima au Baricho yanashinda ya kisima chenye chumvi, lakini yote hayo ni ya dharura njiani.

Wenzetu wengi hapa huona kulanti ni ya nchi za barafu, na Mombasa hakuna barafu. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ethilini glaikoli iliyomo ndani yake huzuia kuganda, na hilo hatulihitaji. Tena maji peke yake hubeba joto zaidi kuliko mchanganyiko. Lakini ndani ya kulanti kuna dawa za kuzuia kutu, na dawa hizo ndizo zinazoilinda alumini, chuma cha injini, shaba ya hita na pampu ya maji kwa wakati mmoja. Kwa joto letu changanya theluthi moja hadi nusu, ufuate kitabu cha gari kama unacho. Rangi isikudanganye: kijani, nyekundu, buluu, kila mtengenezaji hutia apendavyo, na yapo madumu yenye maji ya rangi tu. Nunua ile ambayo kwenye dumu imeandikwa wazi kama ni ya kuchanganya au tayari imechanganywa, na usimimine aina mbili pamoja.

Jambo moja zaidi kuhusu kubadilisha metali kwenye gari lililozaliwa na shaba. Hita ya ndani ya pikapu yako huenda nayo ni ya shaba. Maji mabaya huyeyusha chembe za shaba kutoka humo, zikaenda zikatua kwenye mirija ya alumini, na kila zilipotua shimo huanza. Kwa kulanti nzuri hilo hudhibitiwa. Kwa maji ya kisima halidhibitiwi. Pia mwambie fundi asije akaichemsha rejeta ya alumini kwa kostiki soda kama alivyozoea kwa shaba. Kostiki huila alumini huku ukiangalia.

Kuhusu plastiki sina mengi. Matangi ni ya nailoni yenye nyuzi za kioo, yamebanwa kwenye alumini juu ya mpira. Hayapozi chochote, na hata ya shaba hayapozi kitu cha kuhesabika. Udhaifu wake ni umri: baada ya miaka ya moto na baridi hugeuka rangi ya kahawia, huwa makavu, na hupasuka karibu na shingo ya hozi. Likipasuka tangi hubadilishwa. Gundi ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Sasa thamostati. Hapa, ndugu yangu, fundi wako amekukosea, na pengine ndilo jambo linalokusimamisha Mazeras kuliko rejeta. Kwenye injini nyingi thamostati ina vali mbili. Moja hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta maji yanapofika nyuzi 82 au 88. Nyengine, ya nyuma yake, wakati huo huo hufunga njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Mjini, injini ikiwa na kazi ndogo, huoni ubaya, hata unaona mshale uko chini na unafurahi. Ukianza kupanda na mzigo, unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, sehemu ya maji inazunguka injini moto kwa moto. Maelezo yako ya afadhali mjini na mambo yale yale mlimani yanalingana na hilo. Na dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi huchoma mafuta zaidi na kuchakaza silinda. Rudisha thamostati ya nyuzi zilizoandikwa kwa injini hiyo, si ya chini zaidi.

Kisha feni. Pikapu za umri huo nyingi zina klachi ya feni yenye mafuta mazito ya silikoni ndani: injini ikiwa baridi feni huzunguka kivivu, rejeta ikipata moto klachi hushika na feni huvuta kwa nguvu. Mafuta yakivuja, feni haishiki tena. Zima injini iliyopata moto, subiri isimame kabisa, kisha izungushe feni kwa mkono ukijikinga na joto. Ikizunguka mizunguko mingi kwa wepesi, klachi imekufa. Ukiona mafuta meusi yameshika vumbi katikati yake, hivyo hivyo. Angalia na kava lipo zima, maana feni bila kava hukoroga hewa ya injini badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Kuna namna nyepesi ya kutenganisha magonjwa haya. Gari linalopata moto kwenye foleni ya feri ya Likoni au Kibarani, lakini linapoa likishika mwendo, lina tatizo la hewa: feni, klachi, kava, mapezi yaliyolala. Linalopata moto likiwa na kasi barabarani kwenye tambarare lina tatizo la rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka. Mlima wa polepole na mzigo hukusanya yote mawili, ndiyo maana Mazeras husema ukweli ambao mjini haukuonekana.

Watu husingizia pia joto la Mombasa. Ni kweli hewa ya nyuzi 33 hupunguza nafasi ya kupoza ukilinganisha na ya Nairobi ya nyuzi 25. Ila huko juu, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kuliko yetu kwa asilimia 15 hadi 20, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Hewa yetu ya usawa wa bahari ni nzito, inafanya kazi. Rejeta nzima iliyotoka na gari lako ilitengenezwa kumudu hali ngumu kuliko Februari ya hapa.

Kifuniko cha rejeta nacho usikidharau kwa udogo wake. Kikiandikwa 0.9, huongeza presha kiasi kwamba maji matupu huchemka karibu na nyuzi 119 badala ya 100. Mpira wake ukifa, maji huanza kuchemka ndani ya silinda hedi mapema, mapovu hukaa penye moto mkali, na mvuke haupozi kitu. Badilisha, ni kitu cha bei ndogo. Na kamwe usikifungue kikiwa cha moto.

Basi nikiwa na gari hilo mbele yangu ningefanya hivi, kwa mpango huu huu. Kwanza thamostati, klachi ya feni na kifuniko, kabla ya kulipia rejeta yoyote. Kisha kusafisha injini ndani, kutoa maji yote ya kisima kwa suuza nyingi za maji baridi laini mpaka yatoke safi, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani ya bloku itaisubiri rejeta mpya. Kisha ningechukua ya alumini yenye matangi ya plastiki, iliyotengenezwa kwa injini hiyo hiyo, ukubwa ule ule na kava likakaa mahali pake. Dukani ningetazama mapezi yamebanana kiasi gani. Weka mbili pamoja: ile yenye mapezi mengi zaidi kwa kila sentimita ina eneo zaidi, hata kama wauzaji wote wawili wanaapa ni sawa. Itazame dhidi ya mwanga uone mapezi yameshika mirija pande zote, yasiwe yamebanwa tu bila kuunganishwa.

Ningebadilisha kiini kwa shaba katika hali mbili. Ikiwa rejeta ya alumini inayolingana na injini yako haipatikani isipokuwa ile nene, au ikiwa unajua moyoni kwamba njiani huko utaendelea kutia maji yoyote yatakayopatikana. Fundi wako akishika kazi hiyo, mwambie akuonyeshe kiini kabla hajatia lehemu, idadi ya mistari na ubanano wa mapezi visipungue vya zamani, na aipime kwa presha ndani ya beseni la maji ukiwa umesimama hapo. Kiini cha zamani ni chako. Shaba chakavu ina bei yake kwa kilo, na ni haki ihesabiwe kwenye malipo.

Ukimaliza, jaza taratibu na hita ikiwa wazi ili hewa itoke, endesha, acha ipoe, ongeza. Weka chini ya kiti lita chache za mchanganyiko ule ule, ili siku ya shida usisimame kwenye kisima cha mtu. Baada ya wiki moja ya safari za Kaloleni, fungua kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi, kabla hujaiwasha. Maji yakiwa yale yale na safi, uko salama. Yakiwa yamepungua bila kuvuja nje, au ukiwasha na kuona mapovu yakipanda mfululizo, basi moto unaingia kwenye maji kupitia hedi gasketi, na hapo usinunue rejeta nyengine. Peleka silinda hedi ikapimwe.